Kijiti Kipya cha Mama Pacha

Nina chungu kilichojificha chini ya benchi. Hakina dirisha, hakina taa, na ukikigonga kwa kidole kinakujibu uongo. Ukitaka kujua kilichomo, sharti umtume mtu mwembamba kuliko wote, azame wima, kisha atoke akuoneshe amelowa hadi wapi. Ni nini hicho? Ukishindwa, mji wako kaa nao, mimi sikudai. Jibu nakupa bure, maana bila jibu hadithi yangu haitang'oa nanga. Hilo ni tangi la mafuta la mashua ya tanga, na huyo mwembamba ni kijiti cha kupimia.

Mashua yenyewe iliundwa na Mzee Randa, seremala wa vyombo. Jina hilo alipewa kwa sababu ya randa yake, ambayo marehemu mkewe alikuwa akilalamika kwamba inalazwa kitandani kwa heshima kuliko yeye. Siku hizi mashua huendeshwa na mwanawe, ambaye gatini wote humwita Nahodha. Kazi yake ni kuvusha watu na mizigo kwenda mji wa ng'ambo. Mzigo mkubwa wa safari hubebwa na tanga. Injini ndogo ya dizeli huwashwa tu upepo unapogoma, au pale mashua inapokatiza mlango wa mto, karibu na mji, ambako mkondo hausikii la mtu.

Mke wa Nahodha ni fundi cherehani. Alijifungua watoto wawili kwa mpigo, na tangu siku hiyo jina lake la ubatizo likalala, akawa Mama Pacha. Asubuhi ya safari ninayoisimulia ndiye aliyetangulia kuingia mashuani, kanga ya jikoni bado ameifunga kiunoni, akapiga magoti penye tangi na kufungua kifuniko. Kijiti kilikuwa kipya, na ni yeye aliyekitengeneza wiki ile ile.

Cha zamani kilikuwa kimepasuka. Aliogopa kibanzi kisije kikadondoka ndani kikaziba bomba, akachukua mpini wa ufagio, akauchonga, akaupiga msasa hadi ukateleza kama sabuni. Alipokilaza cha zamani kando ya kipya ili anakili chale zake, akashika mdomo. Chale zilikuwa nne, za robo, nusu, robo tatu na tele, lakini zilikaa ovyo. Ile ya chini ilikuwa juu sana, mbali na ncha ya kijiti, na kadiri zilivyopanda ndivyo zilivyosogeleana, hadi mbili za mwisho zikawa karibu kupakatana. Kwa mwanamke anayeshinda kutwa akihakikisha vifungo vya shati vinapeana nafasi sawa, ilikuwa kama kuona shati limefungwa upande. Alimhurumia mkwewe. Akajisemea, mkono wa mzee ulikuwa umeshachoka siku alipozikata. Hakumwambia mtu, asije akamfedhehesha. Akachukua futi yake ya ushonaji, akagawa sehemu nne zilizo sawa, akakata chale zilizonyooka, na kijiti cha zamani akakitia motoni pamoja na kuni za maji ya kuoga.

Sasa alikizamisha, akakitoa. Kilikuwa kimelowa hadi chale ya pili.

"Nusu," akasema.

Mzee Randa alikuwa amekaa gatini juu ya ndoo iliyopinduliwa, magongo mawili mapajani, akingoja kupakiwa. Mguu wake wa kulia uliishia juu ya goti, ugonjwa wa sukari uliuchukua. Akanyoosha mkono. "Hebu nipe hicho kijiti nami nikipapase."

"Tulia, Baba, usijichoshe. Nimeshapima mimi."

Aliyasema kwa wema, kwa sauti ile ile anayowaambia pacha wasishike mkasi. Mzee aliurudisha mkono taratibu, akauweka juu ya magongo kana kwamba ndiko alikokuwa akiupeleka tangu mwanzo.

Muuza mafuta wa gatini alikuwa amefunga kibanda, pipa lake limekauka, na mafuta mengine hayajaletwa. Jirani mmoja mvuvi aliposikia safari ni ya kumpeleka mzee, alijitolea dumu lake dogo. Nahodha akamtazama mkewe. Mama Pacha akamshukuru jirani na kumwambia abaki nalo, nusu inatosha na kubaki, watanunua mengine huko huko.

Na safari hiyo haikuwa ya kukosa. Ng'ambo walikuwa wamekuja mafundi wa miguu ya bandia, watu wanaozunguka na lori lao kutoka mji hadi mji. Mara ya kwanza walipopita walimchukua Mzee Randa kipimo cha kigutu kwa plasta ya kugandisha. Sasa mguu wake ulikuwa tayari, na leo ndiyo siku yao ya mwisho pale. Walishatangaza kwamba adhuhuri wanafunga mizigo, na mguu ambao mwenyewe hajatokea unafunguliwa, vyuma vyake apewe mgonjwa mwingine. Kurudi kwao ni mwakani, nako ni kukijaaliwa. Mzee alikuwa ameusubiri mguu huo kwa adabu ya mtu asiyetaka kuonekana anasubiri. Ila jana alimletea mkwewe suruali yake, akamwomba afumue ule mguu wa suruali aliokuwa ameukunja na kuushona. Akasema mgeni akija atataka chumba.

*

Kupakiwa kwenyewe kulikuwa mtihani. Nahodha alichuchumaa, baba yake ampande mgongoni, na gati zima likawa linatazama huku likijitia halitazami. Aliyetazama wazi wazi ni abiria wao pekee wa siku hiyo, muuza vitunguu, mwanamke mnene, mcheshi, mwenye magunia sita na ulimi usiolala.

"Haya, mtoto wa kiume kabebwa," akasema. "Usimkojolee mwenzio mgongoni."

"Hii mashua niliibeba mimi kabla haijayajua maji," Mzee Randa akamjibu. "Leo inanilipa."

Watu wakacheka, naye akacheka, lakini Mama Pacha aliyekuwa nyuma na magongo aliiona shingo ya mzee imekaza. Akawekwa katikati ya magunia ili asiyumbe. Nahodha akamwambia asisogee. Muuza vitunguu akamwambia aegemee gunia lile, si lile jingine. Mama Pacha akamfunika mabega kwa shuka ingawa hakukuwa na baridi. Basi mtu aliyeichonga kila ubao wa chombo kile akakaa humo kama gunia la saba, na hakuna aliyemuuliza kitu.

Upepo uliwapokea vizuri. Tanga lilijaa, maji yakawa yanapiga soga chini ya ubavu, na ule mguu wa suruali uliofumuliwa ukapepea kama bendera ndogo. Nahodha alipiga mluzi. Muuza vitunguu alisimulia habari za mpangaji wake aliyehama na bawaba za mlango. Mama Pacha alilipima jua, akalipima na ukingo wa ng'ambo, akashukuru kimoyomoyo. Watafika mapema, hata kupanga foleni watapanga.

Katikati ya maji upepo ukakata. Haukupungua kwanza, ulikata tu, kama mtu aliyeondoka barazani bila kuaga. Tanga likaning'inia kama nguo kambani. Nahodha hakujali, ndiyo kazi ya injini hiyo. Akaiwasha, ikaitika, wakaendelea na kelele zake.

Walikuwa wameshaanza kuziona nyumba za mji, na mbele yao maji yamebadilika rangi pale mto unapomwaga, injini ilipokohoa. Ikanyamaza kidogo, ikajikaza, ikakohoa tena.

"Uchafu huo," akasema Nahodha. "Umeingia kwenye bomba."

"Zima," akasema Mzee Randa kutoka kwenye magunia.

Nahodha hakuzima. Aliinama akaisikiliza, akaigusa huku na huku.

"Zima, mwanangu, kabla haijavuta hewa. Ikishavuta hewa tutashinda hapa tukiitapisha."

Kulikuwa na kitu katika sauti ile, sauti ya zamani ya mwenye chombo, na mkono wa Nahodha ukazima kabla kichwa chake hakijakubali. Kimya kikawaangukia. Mashua ikaanza kusogea kiubavu, polepole, kuelekea kule isikotakiwa.

Mama Pacha alikuwa ameshafungua kifuniko. Alikizamisha kijiti, akakitoa, akakiinua juani. Kilikuwa kimelowa hadi karibu na chale ya kwanza. "Robo ipo," akasema, na moyo ukamrudi mahali pake. Nahodha naye akashusha pumzi. Robo inavusha mkondo kwenda na kurudi, kwa hiyo kweli ni uchafu. Akafungua boksi la spana.

Mzee Randa akanyoosha mkono tena. Safari hii Nahodha ndiye aliyekuwa karibu, akakichukua kijiti mkononi mwa mkewe, akampa baba yake, pengine ili apate la kushika wakati wao wanafanya kazi.

Mzee alikipangusa kwa shati. Akapitisha kidole gumba juu yake, kutoka chini kwenda juu, taratibu. Akarudia. Kidole kilipofika kwenye chale ya pili kikasimama, kikaitafuta nyingine mahali isipokuwepo.

"Nani kakata hizi?"

"Mimi," akasema Nahodha, macho kwenye spana.

"Wewe hujawahi kukata kitu kikanyooka tangu uzaliwe. Huu ni mkono unaojua kazi yake."

Mama Pacha alikifunga kifuniko cha tangi. Hakujua bado kosa lake ni nini, lakini alijua ni lake.

"Ni mimi, Baba. Cha zamani kilipasuka."

"Na chale zake hukuziona?"

"Niliziona. Zilikuwa hazilingani, huku zimeachana, huku zimebanana." Akameza mate. "Nilidhani mkono wako ulikuwa umechoka. Nikazinyoosha."

Mzee Randa alikilaza kijiti pajani. Hakupandisha sauti, na ingekuwa afadhali angepandisha. Akamweleza kwamba tangi lile silo sanduku. Alilichongea kiota ndani ya tumbo la mashua, na fundi wa kuchomelea akalifuata tumbo hilo hilo, juu pana, chini jembamba, mfano wa faneli. Chale za mwanzo alizipata kwa kumimina mafuta kwa jagi, majagi kadhaa kwa idadi moja, kila mara anazamisha kijiti na kukata pale kilipolowa. Chini majagi machache yanapanda haraka, juu majagi yale yale yanajitandaza.

"Chale zile sikuzipanga mimi," akasema. "Zilipangwa na tangi lenyewe. Hiyo nusu yako ya asubuhi ilikuwa robo. Na hiyo robo uliyoisoma sasa hivi, mwanangu, ni ya kulainishia koo tu."

Mama Pacha aliyatazama maji. Alitamani yamfungulie mlango. Alilikumbuka dumu la jirani, alivyolirudisha kwa tabasamu, na adhuhuri ilikuwa inawajia juu ya vichwa vyao bila haraka yoyote. Alitaka kuomba radhi, yakatoka machozi badala yake.

"Usilie, utatuongezea maji chomboni," akasema muuza vitunguu, lakini kwa upole, na akampa ncha ya nguo yake ajifute.

"Ulipoziona zimekaa vile," Mzee Randa akauliza, "kwa nini hukuniuliza?"

"Niliona nitakuaibisha, Baba."

Mzee alikiweka kijiti kando. Kisha akasema, akiwatazama wote wawili, mwana na mkwe, "Tangu mguu uondoke mnaniuliza nimekula nini. Mnaniuliza nimelala vipi. Mnaniuliza panauma wapi. Hakuna hata siku moja mtu ameniuliza kitu ninachokijua."

Nahodha aliacha spana. Mashua ilizidi kusogea kiubavu.

Mama Pacha akajifuta uso. Akasogea, akapiga magoti mbele ya mkwewe kati ya magunia, akasema, "Nakuuliza sasa. Tufanye nini?"

*

Kwanza alitaka aondolewe hilo shuka. Kisha akamwambia Nahodha airudishie injini kifuniko chake na asiiguse mpaka aambiwe. Mafuta yaliyobaki ni ya mkondo peke yake, hata tone lisiharibikie hapa. Upande wa ukingo wa ng'ambo kulikuwa na kijipepo, hafifu, unakijua kwa mikunjo ya maji tu. Tanga lilegezwe lipokee kidogo kidogo, na wanaoweza wapige kasia kukifuata. Mama Pacha akashika kasia moja, Nahodha jingine, usukani akapewa mzee mwenyewe. Ilibidi wamtoe kwenye magunia na kumweka kwenye benchi lake la zamani, na alipolikalia mwili wake ulijua pa kuegemea.

Wakaenda. Sitakudanganya kwamba waliruka, walijikokota. Viganja vya Mama Pacha, vilivyozoea sindano, vilianza kuchubuka, na alishukuru vinauma, maana kulikuwa na haki fulani katika maumivu yale. Kila alipoinua macho aliona mji haujasogea ila jua limesogea. Mzee Randa aliwapa mapigo, sasa, tena, pumzika, sasa. Mara moja moja alisema legeza, na tanga likapata pumzi ambayo wao wenyewe hawakuihisi usoni.

Walipokaribia maji ya rangi ya chai, akawasimamisha. Akaeleza jambo la mwisho. Bomba linanyonya kwenye pembe ya kushoto ya tangi, chini. Mashua ikikaa sawa, mafuta haya machache yatajitandaza na bomba litaramba hewa. Ikilala upande wa kushoto, yote yatakusanyika pale pale kwenye mdomo wake.

"Kama kuinamisha sufuria ili upawa ukutane na mchuzi," akasema Mama Pacha.

"Ndivyo. Sasa inamisheni sufuria."

Magunia yakaburutwa kushoto, moja baada ya jingine. Muuza vitunguu aliteta. Hayo ni mali yake, yakilowa atawauzia nani, vitunguu vilivyoota? Mzee Randa akamsikiliza hadi mwisho, kisha akamwomba na yeye mwenyewe asogee kushoto, tena akae ukingoni kabisa. Mwanamke akaitazama nafasi aliyooneshwa, akajitazama mwili.

"Maisha yangu yote watu wananiambia nikae katikati nisipindue chombo," akasema. "Leo unene umepata kazi."

Akakaa, na mashua ikalala kwa heshima. Mama Pacha akakaa kando yake. Mzee akamwachia Nahodha usukani, akajivuta kwa mikono hadi ukingoni, akaukaza mguu wake mmoja chini ya benchi, akaning'iniza mwili nje kuliko wote. Mama Pacha akamshika mkanda wa suruali. Hakumwambia atulie.

"Washa."

Injini iliitika. Mkondo uliwapokea kwa bega, ukawasukuma, mashua ikatetemeka na kukaza mwendo. Maji ya hudhurungi yalipita kwa kasi chini yao, karibu kiasi cha kuyagusa. Katikati kabisa injini ikakohoa, na Mama Pacha akahisi kikohozi kile ndani ya kifua chake.

"Laza zaidi," akasema mzee.

Wakaegemea nje hadi maji yakailamba nguo ya muuza vitunguu. Akasema jambo lisiloandikika, lakini hakurudi ndani hata kidogo. Injini ikameza, ikashika tena. Ikakohoa mara nyingine, ikashika. Halafu rangi ya maji ikageuka, msukumo ukalegea, wakawa kwenye maji matulivu chini ya mji, na hapo ndipo injini ilipokata roho, bila kelele, kama mtu aliyemaliza kazi yake na kwenda kulala. Walimalizia kwa makasia. Muuza vitunguu alikuwa akimshukuru Mungu kwa majina yake yote huku akikamua nguo.

*

Jua lilikuwa utosini. Nahodha akachuchumaa gatini bila kuangalia nani yupo, na baba yake akampanda mgongoni bila kungoja kuombwa.

"Kimbia," akasema. "Kimbia kama umeiba."

Muuza vitunguu alibaki kuilinda mashua, akiwafukuza kwa mikono, nendeni, nendeni. Walipita sokoni, watu wakiwapisha na wengine wakiwacheka, mtu mzima na ndevu zake juu ya mgongo wa mtu mzima mwenzake, na mwanamke aliyelowa akiwafuata mbio na magongo mawili. Mama Pacha hakuona aibu. Baadaye alistaajabu aibu yake ilikuwa imekwenda wapi.

Lori lilikuwa uwanjani, limewashwa. Meza zilikuwa zimeshakunjwa isipokuwa moja, na kwenye hiyo fundi wa miguu, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuwa ameulaza mguu mmoja na ameshaanza kufungua skrubu zake. Kwenye paja la mguu ule palibandikwa karatasi imeandikwa mzee wa mashua.

"Tulitangaza adhuhuri," akasema fundi, si kwa ukali, kwa uchovu tu. Dereva akapiga honi.

Nahodha alikuwa anahema, hana sauti. Mama Pacha akasonga mbele. Alikuwa amepanga kusema upepo ulikata, na lilikuwa kweli, lakini halikutoka hilo.

"Kuchelewa ni kwangu," akasema. "Nilipima mafuta vibaya. Yeye ndiye aliyetufikisha."

Fundi aliwatazama, viganja vilivyochubuka, nguo zinazodondosha maji, mzee aliyekaa wima mgongoni mwa mwanawe kama amepanda farasi. Akamgeukia dereva, akamwambia azime gari. Kisha akaanza kuzirudisha skrubu alizozitoa, moja moja, na Mama Pacha alizihesabu kwa midomo kama anayesali.

Walimkalisha Mzee Randa kwenye kiti. Fundi akapiga magoti vumbini, akakivika kigutu soksi, akakiingiza ndani ya kikombe cha mguu mpya, akakaza mikanda. Alikuwa mwepesi wa mikono. Akauliza bila kuinua kichwa, akimwelekea Mama Pacha, kama watu wote wanavyofanya, "Panambana hapa? Anahisi uzito umeenda mbele au nyuma? Nyumbani anatembea wapi zaidi, kwenye sakafu au mchanga?"

Mama Pacha majibu alikuwa nayo. Miezi yote hiyo alikuwa akiyatoa, kwa waganga, kwa wauguzi, kwa majirani mlangoni. Yakamjia hadi mdomoni.

"Muulize mwenyewe," akasema.

Fundi akainua kichwa. Akamtazama mzee machoni, pengine kwa mara ya kwanza. "Samahani, Baba. Panakubana wapi?"

Basi Mzee Randa akajibu. Akaeleza panapobana na pasipobana. Akaeleza uzito unavyoegemea nje kidogo, kama mlingoti uliosimikwa na mtu mwenye haraka, na skrubu ipi pengine ikilegezwa nusu mzunguko utakaa sawa. Akaeleza kazi anayotaka kuifanya akisimama, kwamba ni ya kuinama na kuinuka, si ya kukaa kibarazani. Fundi alilegeza pale alipooneshwa, akauliza tena, akajibiwa tena, wakawa wanazungumza kama watu wawili wa karakana moja. Dereva aliteremka akaja kusikiliza. Nahodha alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, analia na hajifichi.

"Sasa jaribu," akasema fundi. "Polepole."

Mama Pacha akampa mikono yote miwili. Mzee akaishika, akavuta pumzi, akainuka. Akayumba, akakaza, akasimama. Mama Pacha alihisi uzito wa mikono ya mzee ukipungua viganjani mwake, kidogo, kidogo tena.

"Ahsante, mwanangu," akasema mzee. "Niachie."

Akamwachia, akarudi nyuma. Alitaka kumshukuru yeye, na fundi, na muuza vitunguu kule gatini, hata ule upepo mdogo, lakini aliona asubiri, maana mzee alikuwa ameanza kupiga hatua. Moja, akatua. Nyingine. Akafika mbele yake akasimama, na Mama Pacha alipotaka kumtazama usoni ilimbidi ainue kichwa. Alikuwa amesahau kabisa kwamba baba mkwe wake ni mtu mrefu.